Baba, hukuwa na kiburi

Baba,

Nakuita hivyo tangu ulipopewa jina la marehemu babu yako, baba yangu. Leo nakuita hadharani kwa sababu lawama nazo nilikutupia hadharani. Kwenye harusi ya dada yako nilisema una kiburi: baba yako akikuita mara moja unageuka, sisi wanawake tunaita mpaka koo linakauka. Nisamehe.

Sikujua kuwa usikivu huweza kuondoka ukianzia kwenye sauti nyembamba. Sauti nzito ya baba yako unaipata. Zetu zinakupita, na mlio wa simu pia. Nikikupa kikombe nikasema "shika", unatazama mlangoni, kumbe umesikia "fika".

Miaka yote tangu figo zako zishindwe tumekuhesabia maji, chumvi, na zile siku tatu za wiki za kusafisha damu kwa mashine, saa nne kila siku. Masikio hatukuyawaza. Kumbe ndani ya sikio kuna sehemu iliyojiviringa kama konokono, nayo huishi kwa kupitisha chumvi na maji kwa vipimo, kazi inayofanana sana na ya figo.

Halafu zipo dawa. Jentamaisini, sindano ambayo huweza kutumika mpira wa kusafishia damu ukipata maambukizi, inaweza kuua vinywele vya kusikilia, na havioti tena. Figo zikishindwa kuitoa, inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Hata Lasix, dawa ya kukojosha, ikisukumwa haraka kwenye mshipa huweza kudhuru masikio. Sikwambii ukatae, kuna siku dawa hizo ndizo zinazookoa roho. Ila kabla ya sindano sema: "Figo zangu hazifanyi kazi, na sisikii vizuri. Kuna nyingine?"

Jambo jingine linaninyima usingizi. Ulianza kukojoa damu ukiwa darasa la pili. Upo ugonjwa wa kurithi ulioitwa kwa jina la daktari Alport, aliyeuandika mwaka 1927: unashika figo na masikio pamoja, na mara nyingi mtoto wa kiume huupata kupitia kwa mama. Si kosa la mama yako. Muulize tu kama kwao kuna wanaume waliougua figo wakaanza kuwa viziwi ujanani, kisha daktari wako wa figo aambiwe.

Jumanne huna mashine. Twende ukapimwe usikivu; ni kukaa chumba kimya na kubonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Ikibidi shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, nimeshaongea na baba yako. Kwenye daladala nitakaa unapouona mdomo wangu.

Shangazi yako