Barua ya wazi kwa makipa wa madaraja ya chini

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaodaka kwenye madaraja ambayo kamera hazifiki, ambako mshahara hauna tarehe na mkataba ni wa msimu mmoja mmoja. Nimedaka huko, nikaja kufundisha makipa hukohuko, na karibu kila kijana aliyepita mikononi mwangu aliniuliza swali lilelile: "Mzee, nitacheza lini?"

Swali ni la haki. Winga wa akiba ataingizwa dakika ya 70 hata kama kocha hamwamini sana. Beki akishindwa kulia atajaribiwa kushoto. Kipa hana dakika za kuonjeshwa. Lango ni moja, na aliyelishika, akiwa mzima na hafungwi mabao ya kizembe, anaweza kulishika misimu kadhaa huku wewe uko nyuma yake na uwezo wako wote. Kwa wengi wenu, basi, kusubiri ndiyo kazi yenyewe, na vipaji nilivyoviona vikifia benchi ni vingi kuliko vilivyofia langoni.

Mtazameni kipa wa akiba timu zinapopasha misuli. Kazi yake ni kumpigia mwenzake: kwanza mipira ya kifuani, taratibu, aizoeshe mikono; kisha ya chini pembeni; kisha krosi za kulia na kushoto. Aliyekata tamaa hupiga ovyo, mmoja juu ya mwamba, mwingine nje kabisa, na namba moja anaingia kwenye mechi mikono yake bado baridi. Aliye kazini humpigia kama atakavyopiga mshambuliaji wa siku ile, maana amemfuatilia wiki nzima. Kocha wa makipa analiona hilo. Mwenye lango naye analiona, na siku moja klabu nyingine itamuuliza, "Yule mwenzako vipi?" Nimeshuhudia usajili ukikamilika kwa jibu la swali hilo, kijana mwenyewe akiwa hana mechi hata moja ya ligi msimu ule.

Mechi ikianza, usikae benchi kama mtazamaji. Kila krosi inapopigwa amua kabla haijafika: ningetoka au ningebaki kwenye mstari? Halafu linganisha na kilichotokea. Angalia jua litakuwa upande gani kipindi cha pili, na pale mbele ya goli pamechimbika wapi, kwa sababu mpira wa chini ukidunda hapo hubadili njia. Mjue mpigaji wao wa penalti. Kipa wa akiba mara nyingi huingia kwa sababu mwenzake ameumia au amepewa kadi nyekundu, na ikiwa ni kadi, huenda mpira wa kwanza kukufikia ukapigwa kutoka mita 11. Hapo hakuna muda wa kuzoea uwanja.

Someni na sheria, tafadhali. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi huhesabu tano za mwisho kwa mkono juu. Kwenye penalti, unatakiwa uwe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, sambamba nao au nyuma yake wakati mpira unapigwa. Kipa asiyejua haya anaweza kuokoa penalti nzuri ikarudiwa.

Kuhusu makosa nitasema jambo moja tu, lile ambalo halisemwi sana. Ukitema mpira ukafungwa, hatari kubwa iko kwenye krosi inayofuata. Kipa aliyetikisika huganda kwenye mstari, na wapinzani wanajua, watajaza watu ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na kukupigia mipira ya juu mpaka kipenga. Toka. Ukiona mpira mmoja unaoweza kuufikia, ita kwa sauti, pandisha goti, uchukue au uupige ngumi. Waombe mabeki wakurudishie pasi moja mbili, miguu irudi kwenye mchezo. Video ya bao lile itazame Jumatatu ukiwa na kocha wako. Usiitazame usiku ule kwenye simu, pamoja na maneno ya watu wasiokujua.

Na kichwa chako kiheshimu. Petr Čech, kipa wa Chelsea ya Uingereza, alivunjika fuvu Oktoba 2006 katika dakika ya kwanza ya mechi dhidi ya Reading, akarudi miezi michache baadaye na kofia ya kinga aliyoivaa mpaka anastaafu. Yeye alikuwa na klabu tajiri na madaktari wake. Wewe pengine una mtu mmoja mwenye mkoba wa barafu. Ukigongwa ukaona ukungu, au ukasahau matokeo, toka uwanjani, hata kama umesubiri nafasi hiyo mwaka mzima. Naijua bei ya ninachowaomba hapa, na bado nakiomba.

Sasa fedha, ambayo inaniuma zaidi. Klabu nyingi za madaraja yenu huchelewesha mishahara, na kijana huambiwa avumilie kwa mapenzi ya timu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji ziko wazi: klabu isipokulipa mishahara ya angalau miezi miwili kinyume cha sheria, unaweza kuitaka ikulipe kwa maandishi na kuipa angalau siku 15. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Chama chenu cha wachezaji kinaweza kuwasaidia kuandika barua hiyo. Lakini karatasi lazima ziwepo. Tunza nakala ya mkataba, hati za malipo, hata ujumbe wa meneja unaoahidi "wiki ijayo". Ahadi ya kwenye korido haimsaidii mtu.

Anayecheleweshewa mshahara ndiye anayetafutwa na wapanga matokeo. Mechi zenu hazina watazamaji wengi, lakini kuna watu wa mbali wanaoziwekea dau, na kipa mmoja anaweza kuamua idadi ya mabao kuliko mchezaji mwingine yeyote. Hawaji na gunia la fedha. Huja kama rafiki, akakulipia kodi ya nyumba mwezi mmoja, akauliza nani anacheza Jumapili na nani kaumia. Swali hilo tayari ni biashara. Siku ya tatu utaombwa bao moja tu, kipindi cha kwanza, "mtashinda vilevile". Ukishatoa moja, wewe ni mtu wao. Ripoti tangu swali la kwanza, kwa chama cha wachezaji au shirikisho. Kwa kanuni za FIFA, kufuatwa ukanyamaza nako ni kosa lenye adhabu. Nawasihi kama baba: msiuze mechi. Deni lina mwisho.

Nyote mnaijua habari ya Édouard Mendy, kipa wa Senegal. Mwaka 2014 aliondoka Cherbourg, timu ya daraja la tatu Ufaransa, akakaa karibu mwaka mzima bila klabu, na mwaka 2021 akatwaa Ligi ya Mabingwa na Chelsea. Ni habari ya kweli na inatia moyo, hasa kwa kuwa makipa hukomaa kwa kuchelewa. Miaka 25 kwa kipa bado ni ujana. Lakini naomba muijue na ya Jimmy Glass. Tarehe 8 Mei 1999 alikuwa kipa wa mkopo wa Carlisle United. Dakika za majeruhi alipanda kwenye kona, akafunga, na timu ikanusurika kushuka kutoka Football League, yaani madaraja ya ligi ya Uingereza yaliyo chini ya Ligi Kuu. Mashabiki waliingia uwanjani kumkumbatia. Miaka michache baadaye alikuwa ameacha soka, akaja kuendesha teksi. Bao lile halikumpa mkataba wa kudumu, na sioni aibu yoyote katika teksi. Ninachotaka ni kwamba siku yako ikifika uwe umejiandaa: cheti cha ukocha, ufundi, shule uliyoikatiza. Mazoezi yenu huisha adhuhuri, na mchana wote ni wenu.

Msimu unakwisha, na baadhi yenu mtaitwa ofisini wiki hizi na kuwekewa karatasi mezani. Usisaini palepale. Angalia mkataba unaisha lini, ukiumia nani analipa matibabu, na kama klabu inaweza kuuongeza mwaka bila kukuuliza. Omba nakala, uende nayo kwa mtu wa chama cha wachezaji aisome yote. Mtu wa klabu akikwambia dirisha la usajili linafungwa usiku huu, muulize kwa nini ameileta karatasi leo.

Mzee wenu,
Kocha mstaafu wa makipa