Kabla hujauliza paneli ngapi, tuambie friji lako linakula kiasi gani

Meseji tunayoipokea kuliko zote ni hii: nimenunua gari nataka niligeuze nyumba ya kusafiria, juu ya paa niweke paneli ngapi? Na sisi kila siku tunajibu kwa swali, we ndani ya hilo gari unatumia nini kuanzia asubuhi mpaka asubuhi ya pili? Wengine wanadhani tunawazungusha, hapana, bila hiyo hesabu fundi yeyote anayekutajia idadi ya paneli anabahatisha kwa hela yako.

Hesabu yenyewe wala haitishi. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa masaa ambayo kinawaka kwa siku, unapata wati-saa. Taa nne za LED za wati 5 zikiwaka masaa matano ni wati-saa 100. Laptopu ya wati 60 kwa masaa manne, 240. Feni ya kwenye paa wati 25 ukilala nayo masaa manane, 200. Simu mbili kama 30 hivi, pampu ya maji inawaka dakika chache tu kwa siku, weka 10 tusonge mbele.

Sasa friji, hapa ndo watu wengi wanakosea. Friji la volti 12 lenye kompresa linaweza kuwa limeandikwa wati 50, mtu anazidisha mara 24 anapata 1,200 anakata tamaa, au anaona wati 50 ni kidogo analiruka kabisa. Ukweli uko katikati kwa sababu kompresa haizunguki muda wote, inawaka inapoza inazima. Fanya hivi, usiku kukiwa kimya kaa karibu na friji lako na saa ya simu, hesabu ndani ya lisaa limoja ile mota imenguruma dakika ngapi. Ukipata dakika 24 maana yake inafanya kazi asilimia 40 ya muda, kwa hiyo 50 mara 24 mara 0.4 ni wati-saa 480 kwa siku. Kwenye joto kali inaweza kufika nusu ya muda au zaidi, na ukiliweka friji kwenye kona isiyopitisha hewa nyuma ndo kabisa, tafadhali sana liachieni nafasi lipumue.

Jumlisha vyote hivyo unapata 1,060. Karibu nusu ya hiyo ni friji peke yake.

Kuna mlaji mwingine ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Iguse usiku wa manane, hakuna kitu kimechomekwa lakini utaikuta vuguvugu, ule uvuguvugu ni umeme wako. Inveta ya wati 2,000 ikiwa imewashwa tu bila kazi inaweza kula wati 12 na nyingine zaidi ya hapo, na wati 12 kwa masaa 24 ni wati-saa 288. Yaani zaidi ya laptopu yenyewe! Ndo maana tunamsisitizia kila mteja achaji laptopu na simu kwa chaja ya volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, na inveta iwe na swichi sehemu ambayo mkono unaifikia kirahisi, iwashwe ikihitajika afu izimwe.

Haya tuje kwenye paneli. Paneli ya wati 100 haikupi wati 100, ile namba imepimwa maabara, mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na paneli yenyewe ikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya paa la gari paneli imelala, haijaelekezwa jua, ina vumbi, na imepata moto. Ikifika nyuzi 65 inapoteza kama asilimia 14 kwa joto peke yake, kwa hiyo zile paneli laini zinazopinda, za kubandika na gundi, sisi hatuzipendi, hazina upenyo wa hewa chini. Tunapiga hesabu kwamba utapata asilimia 70 ya kilichoandikwa, kwa masaa manne ya jua kamili kwenye sehemu na msimu mzuri. Hapo kila wati moja ya paneli inakupa wati-saa 2.8 kwa siku. 1,060 gawanya kwa 2.8 ni karibu 380, basi weka wati 400. Ukiiacha inveta imewashwa siku nzima unahitaji wati 100 nyingine juu, paneli nzima kwa kitu ambacho hakikufanyii kazi yoyote.

Jua likishuka mpaka masaa mawili na nusu, mahesabu yaleyale yanataka wati 600, na magari mengi paa halitoshi. Usilazimishe. Funga chaja inayochukua umeme kwenye altaneta, ile inayozalisha umeme kwenye injini, wakati unaendesha, ya ampea 30 inaingiza karibu wati 400, ukiendesha masaa mawili betri imepata wati-saa 700 na kitu.

Betri tunapima kwa siku mbili bila jua, yaani wati-saa kama 2,100. Ya lithiamu ya 200Ah (ampea-saa 200, mara volti 12.8) ina wati-saa 2,560 na unaweza kutumia asilimia 80 mpaka 90 bila kuiumiza, inatosha. Ya asidi unatakiwa uishie nusu, kwa hiyo utahitaji kama 350Ah, na huo uzito utaubeba kila kilomita. Ila ya lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, wa sehemu za baridi mlizingatie hilo.

Na birika la umeme? Wati 1,500 kwa dakika sita ni wati-saa 150 tu, shida yake ni kwamba kwa volti 12 linavuta zaidi ya ampea 125 kwa mkupuo. Hapo waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Waya mwembamba kwa mzigo huo unachoma gari, hili hatulipunguzii mteja hata akiomba vipi.

La mwisho ni kivuli. Chukua kipande cha boksi ufunike seli moja tu ya paneli huku mwenzako anaangalia kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, namba itashuka vibaya, maana paneli nyingi kubwa zimegawanywa sehemu tatu na seli moja ikizibwa sehemu yake yote inalala. Ukifunika mstari mzima wa upande mfupi, paneli karibu yote inakufa. Mfuniko wa feni ukiwa wazi unafanya kazi ileile ya boksi, kila siku, saa zilezile. Paneli ya wati 200 ni kama mita moja na nusu kwa sentimita 70, kata maboksi ya saizi hiyo uyapange juu ya paa, fungua mfuniko wa feni, angalia kivuli asubuhi na jioni kinaangukia wapi, ndo utoboe tundu la feni.