Staftahi ya saa tisa alasiri: barua kwa mwanangu aliye chuo Tudor, Mombasa

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie. Mamako ameniambia siku hizi ukiamka ni maji tu, saa moja uko darasani, na hutii kitu mdomoni mpaka usiku mnapopika wali na wenzako. Ameniambia pia kwamba ukiulizwa mbona huli kantini, jibu lako ni kuwa ukitoka darasani mchana wao bado wanauza staftahi, mahamri kwa mbaazi. Naandika hadharani kwa sababu najua vijana walio kama wewe ni wengi, na wengine hawana shangazi wa kuwasema.

Kwetu umelelewa kwa mpangilio: mahamri asubuhi, wali mchana, na baada ya alasiri ni kahawa na tende. Mpangilio mzuri, nami nyumbani kwangu naufuata. Lakini huo ni wa nyumba yenye mtu jikoni na watu wanaorudi saa saba kula. Chuo hakiendi hivyo. Leo una somo la saa moja hadi saa nne, kesho uko maabara tangu saa tano mpaka saa nane, keshokutwa kipindi cha kwanza ni cha mchana. Mwenye kantini aliyeandika ubaoni "staftahi kutwa" amewaelewa wanafunzi kuliko wanavyojielewa wenyewe. Ukitoka maabara saa tisa hujala, chakula chako cha kwanza ndicho hicho, na hapana aibu yoyote kukiitisha saa hiyo.

Mara nyingine ukipita, simama karibu na karai utazame. Mbaazi zimelowekwa tangu usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika, zikatiwa kitunguu, bizari na pilipili, zikaiva kwa tui jepesi. Tui zito huingia mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Chakula hiki hakiharibiwi na kungoja: kikitulia sufuriani kwa moto wa chini, rojo linazidi kushika. Hamri ndilo lisilongoja. Likipoa muda mrefu hukakamaa, kwa hivyo mpishi anayejua kazi hakaangi yote alfajiri. Anaukata unga pembe tatu kidogo kidogo, anatumbukiza, kisha anayateka mafuta ya moto kwa upawa na kuyamwagia juu ya hamri, mara mbili tatu, mpaka lifure lote. Harufu ya iliki inakufikia kabla hujakaa. Akikuletea la saa tisa, ni la saa tisa kweli, si kiporo cha asubuhi. Hapo ndipo ninapoipima kantini, na ukikuta wanauza mahamri ya alfajiri mchana, hama uende kwingine.

Mamako anasema hicho si chakula cha kumshibisha kijana. Hapo wifi yangu aniwie radhi. Katika kila gramu 100 za mbaazi kavu, kama gramu 20 ni protini. Ngano ya hamri ina protini pia, ila ina uhaba wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na mbaazi zina lisini nyingi. Kilichopungua upande mmoja kinajazwa na upande wa pili. Wazee wetu waliviweka pamoja kwa sababu ya utamu, na mwili ukafaidika. Mahamri hukaangwa na yana sukari, hilo silifichi, kwa hivyo chukua mawili, mbaazi ziwe sahani iliyojaa. Siku ukitaka, chukua chapati.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: chai. Chai ikinywewa pamoja na mbaazi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Kwa wasichana hasa hili ni jambo zito, kwa sababu upungufu wa damu huwaandama zaidi, basi waambie na dada zako wa darasani. Kula kwanza kwa maji au glasi ya ukwaju, ongeza chungwa au kipande cha embe ukipata, maana vitamini C husaidia chuma hicho kiingie. Chai ije baada ya saa nzima hivi. Najua ni vigumu, nami ni mtu wa chai ya maziwa yenye tangawizi, lakini nimeizoea hiyo saa.

Kuhusu mayai na soseji, sina ugomvi nayo. Yai ni chakula kizuri. Soseji ni ya siku ambayo mfuko umetuna, na hata siku hiyo naona pesa yake ingefanya kazi zaidi kwenye sahani ya pili ya mbaazi. Mfuko ukiwa mkavu kabisa, mkopo wa masomo haujaingia na babako hajatuma, kuna viazi karai. Shikilia navyo mpaka kesho, kisha nipigie simu. Usinifiche. Njaa ya chuoni haimpi mtu sifa, na anayesoma tumbo likiwa tupu huukodolea macho ukurasa mmoja jioni nzima.

Babako alisoma hapo hapo kikiwa bado Mombasa Polytechnic, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2013. Muulize alikula nini. Atakutajia mahamri kabla hajakutajia mwalimu yeyote.

Tena ule umekaa. Vijana siku hizi wanafungiwa chakula kwenye karatasi, wanakila wakitembea kuelekea stejini. Keti mezani. Wenzako wa kutoka Makueni na Kitui wamekulia mashambani mwa mbaazi, maana nyingi huku Kenya hulimwa Ukambani, lakini baadhi yao hawajawahi kuzionja zikiwa na nazi. Mkaribishe mmoja kwenye sahani yako. Urafiki wa chuoni huanza hapo, na siku utakayougua ni huyo atakayekuletea uji chumbani, si sisi tulio ng'ambo ya feri.

Ramadhani ni mambo mengine, tutapanga ikifika.

Alhamisi nitavuka kuja Kongowea kununua nazi, kisha nitapita Tudor. Nitumie ratiba yako ya siku hiyo. Hata ukitoka saa kumi nitakungoja hapo kantini, na mbaazi ni juu yangu. Mwalike na huyo unayekaa naye chumba kimoja, nimesikia naye hali.

Shangazi yako,
Likoni