Mlima Elgon ukiitwa shahidi, uulizwe yote

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba mwenye macho hahitaji ushahidi mwingine wa kuwapo kwa Muumba: atazame Mlima Elgon na samaki wa Ziwa Victoria, kisha asikilize shuhuda za waliookolewa. Mimi naswali, na sina ugomvi na imani yake. Ugomvi wangu ni na hoja. Nimekuwa karani wa mahakama hapa Mbale, na kule shahidi akishapanda kizimbani hajibu maswali ya upande mmoja tu.

Nianze na mlima, maana ndio ninaoujua. Udongo wa Bududa, wilaya iliyoko kwenye miteremko ya Elgon, ni wa volkano. Ndio uliofanya kahawa ya kule iwe na sifa, na ndio uliowavuta watu wakabanana hadi kwenye miteremko ambayo ukiangusha jembe unalifuata bondeni. Udongo huohuo ukishiba mvua hulegea ukaporomoka. Tarehe 1 Machi 2010 uliporomoka katika kijiji cha Nametsi, ukafunika nyumba, soko na kituo cha afya. Walikufa mamia, na wengi wao hawakufukuliwa mpaka leo. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, hukohuko Bududa.

Nilifika Nametsi siku zile. Nikaona mti mmoja wa kahawa umeteremshwa na tope mzimamzima, umesimama wima katika shamba la mtu mwingine, matunda yake yangali mekundu. Mzee mmoja akauliza, wala hakuwa anatania, sasa kahawa hii ni ya nani? Hakuna aliyemjibu. Waliokuwa wametoka kwenda kwa jamaa walisema mkono wa Mungu ndio uliowatoa nyumbani mchana ule. Siwacheki, ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Ila waliobaki chini ya tope hawakupata zamu ya kushuhudia, na mwandishi wenu anahesabu sauti anazozisikia tu.

Kuhusu samaki, ni kweli nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanashangaza: huyu mdomo wake wa kukwangua mwani kwenye mawe, yule taya zake za kuvunja konokono. Lakini watafiti wanatueleza kwamba ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya aina hizo zimetokana na mababu wachache. Hilo halimfukuzi Muumba. Linaonyesha tu kwamba midomo ile ingeweza kupatikana bila fundi kukaa akaichonga mmoja mmoja.

Nje ya hapo kuna swali kubwa zaidi, kwa nini ulimwengu una kanuni hata kidogo, na ningependa mwandishi angelianza hapo. Hakuanza hapo.

Akaja kwenye yale mtu aliyoyaona na kuyasikia moyoni mwake. Hapa Uganda tungepaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Viongozi wa kundi la kidini la Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, walisema wamemwona Bikira Maria na kusikia maagizo yake. Waliowafuata waliuza mali zao, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya nyumba ya ibada. Sisemi kila ushuhuda ni wa Kanungu. Nasema uhakika wa msemaji, hata akilia machozi, hautuonyeshi ni maono yapi ya kweli na yapi yataangamiza watu. Lazima tuyapime kwa kitu kingine, na kitu hicho ndicho mwandishi hakukitaja.

Kurani inatuita tutafakari mbingu na ardhi. Sijaona mahali ilipotuambia tuchague vilima vya kutafakari.

Kwa hiyo namwomba mwenzangu anijibu moja: ikiwa uzuri wa Elgon unamthibitisha Muumba mwema, maporomoko ya Nametsi yanathibitisha nini? Akisema hayo ni siri ya Mungu, nakubali, nami husema hivyo msibani. Lakini basi na uzuri auingize katika siri hiyohiyo, asiutoe peke yake kuwa kielelezo.

Msomaji wenu,
Mbale