Mmemshitaki mkunga

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za wino uliokuwa ukichafua vidole, na sijawahi kukuandikia. Hata siku mlipochapa tanzia ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye asubuhi hiyo nilikuwa naye tukinywa kahawa, nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, mliyosema vumbi ndilo limeua uzazi wa nyota, imeniingilia hadi nyumbani.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Waliambiwa waandike ukurasa mmoja kuhusu nyota zinavyozaliwa, naye akanijia mimi, kwa kuwa nimefundisha fizikia miaka 31. Tulikaa barazani, nikasugua kidole kwenye masizi ya sufuria na kumpaka kiganjani, nikamwambia: chembe za namna hii, huko angani, ndizo kitanda cha uzazi. Akaandika vizuri tu. Akapewa 6 kati ya 10, na kwa wino mwekundu: "Soma magazeti." Nikafunga safari hadi shuleni. Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo mara mbili, kisha akanipeleka ukutani. Habari yenu imebandikwa pale kwa pini nne. Nikamweleza ilipokosea. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini mzee, hili ni gazeti."

Basi nisikilize na wewe. Hilo vumbi si la barabara ya changarawe. Ni chembe ndogo kama za moshi, za kaboni na silikati (madini ya jamii ya mawe), zilizotemwa na nyota zilizozeeka au zilizolipuka. Katika galaksi yetu uzito wake ni kama asilimia 1 tu ya gesi, lakini bila hiyo asilimia 1 shughuli inalala. Atomu za haidrojeni zikielea peke yake haziungani kirahisi, zinahitaji pa kutua. Hutua juu ya chembe hizo, zikakutana, zikawa molekuli. Mawingu ya molekuli hizo, yakiwa baridi, yamekingwa na vumbi hilohilo dhidi ya mionzi ya urujuanimno inayozivunja, ndimo nyota huzaliwa. Mmemkamata mkunga mkamshitaki kwa mauaji! Na najua mlipopotelea. Wanasayansi husema vumbi linaficha nyota, ninyi mkaandika linazuia. Takriban nusu ya mwanga wote uliowahi kutolewa na nyota umemezwa na vumbi ukatoka tena kama mionzi ya joto, ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana kule Chile, jangwa la Atacama, mita 5,000 juu ya bahari, zimesimikwa antena 66 za ALMA, darubini inayonasa mionzi ya namna hiyo. Mama akijifungua nyuma ya pazia la wodi, ninyi mlio kwenye korido hamjaona kitu, ila mtoto analia.

Kilichopungua ni gesi. Miaka kama bilioni 10 iliyopita ulimwengu ulikuwa ukizaa nyota takriban mara kumi ya sasa, na galaksi kubwa ya kawaida ilikuwa na gesi baridi inayokaribia uzito wa nyota zake zote. Leo galaksi kama yetu ina gesi ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa nyota zake. (Gesi yenyewe hupimwa kwa ujanja: molekuli za haidrojeni zikiwa baridi hazitoi mwanga wa maana, kwa hiyo wanafuatilia kaboni monoksidi, hewa ileile ya jiko la mkaa inayoua waliolala wamefunga madirisha.) Kwa matumizi ya sasa akiba ya mawingu ya molekuli ingeisha ndani ya miaka bilioni 1 au 2, kama mtungi wa kilo 6 kwenye nyumba ya watu tisa. Inadumu kwa sababu gesi nyingine huingia kutoka nje, na siku hizi inaingia kwa kudondoka. Na vumbi? Nalo limepungua katika miaka bilioni kadhaa ya karibuni. Muuaji gani huyo anayekonda pamoja na marehemu?

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la ukurasa wa nyota. Sayansi mnaipa robo ukurasa mkikumbuka, lakini mnajimu ana nafasi yake kila siku ya Mungu. Mizani ajihadhari na mtu wa gari jeupe. Ng'ombe atapata fedha asizotarajia. Mimi ni Ng'ombe, Mhariri, na mafao yangu bado yana utata. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama ili wajue msimu, kiko katika kundi hilohilo la Ng'ombe, na hivi sasa kinapita ndani ya wingu la vumbi ambalo kwenye picha linang'aa kibuluu. Mnajimu wenu hajawahi kuligusia.

Napendekeza Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi apewe likizo yenye malipo, na nafasi yake akabidhiwe yeyote aliyefaulu fizikia ya kidato cha nne. Sisi Ng'ombe tutavumilia siku moja bila habari za pesa zetu. Na masahihisho ya habari ile yachapwe kwa upana uleule wa mwanzo, si kule chini ya matangazo ya viwanja, ili yatoshe kwenye zile pini nne. Mtoto anadai alama 4.

Mwalimu mstaafu (Ng'ombe),
Tanga