Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunataka Wazee Watoke Nje

Assalaam aleikum wanachama, na nyote hamjambo jamani. Wazee wangu na mama zangu shikamooni. Naandika kama ninavyoongea, manake najua wengi mtasomewa na wajukuu kwenye simu na sitaki mjukuu akwame kwenye maneno ya ofisini.

Kwanza tuwaombee wenzetu waliotangulia mwaka huu, Mungu awapumzishe pema. Mkono wa pole wa chama ulifika kwa kila familia. Hesabu za pesa mweka hazina atazisoma mwenyewe siku ya mkutano, kwa hivyo hayo nayaacha hapo.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa kutembea. Kwenye mkutano uliopita mlisema huu mji wetu wa Mombasa umewashinda, nikauliza umewashinda wapi hasa, na kila mtu akawa na lake, huyu ngazi, yule matatu, mwengine choo. Ndo tukakubaliana badala ya kuandika barua nyengine ya malalamiko tuandamane na mzee kutoka mlangoni kwake mpaka anakokwenda, iwe kliniki, msikitini, kanisani au soko la Marikiti, na tuandike kila kitu kinachomsimamisha njiani. Hii njia wenzetu walishaitumia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji inayowafaa wazee, na waliuandaa kwa kuwauliza wazee wenyewe wa miaka 60 kwenda juu katika miji 33, Nairobi ikiwemo. Walitoka na mambo 8, kuanzia njia na majengo, usafiri, nyumba, mpaka heshima, habari na matibabu. Mengi yaliyomo ni yale yale mnayoyasema kila jioni mkinywa kahawa.

Wacha niwape safari moja kama mfano. Mmoja wa mabibi zetu wa Majengo, ana sukari na magoti yanamsumbua, alikuwa anakwenda kliniki. Akitoka tu mlangoni kuna mtaro ulio wazi, kifuniko kimekwenda zamani, watu wameweka ubao na ubao wenyewe wacheza. Mbele kidogo njia ya miguu imejaa meza za mitumba na bodaboda zimeegeshwa, kwa hivyo anashuka barabarani kwenye magari (na wale wauzaji ni watoto wetu, sitaki mtu aseme wafukuzwe, nataka wapangwe). Kwenye steji kanyagio la matatu liko juu karibu na goti lake, makanga anagonga bati, gari ishaanza kusogea na bibi mguu mmoja bado uko chini. Tukafika, foleni iko juani na hakuna hata benchi. Lakini kilichoniuma zaidi ni pale nilipompa chupa ya maji akakataa, akaniambia, "Mwanangu, siku ya kliniki mimi sinywi maji kuanzia asubuhi, nikishikwa na haja njiani nitajisitiri wapi?" Mtu wa sukari, mwezi wa pili, joto la kaskazi mnalijua. Hapo nikaelewa tunaposema fulani siku hizi hatoki, amezeeka, mara nyingi uzee haumo kabisa, kilichomfungia ndani ni ubao wa mtaro na choo kisichokuwepo.

Na kinachonishangaza ni kwamba sisi hapa Mombasa tulikuwa tunajua kujenga kwa ajili ya mzee. Piteni Mji wa Kale, Kibokoni au Ndia Kuu, nyumba nyingi za zamani zina baraza la mawe nje ya mlango, mzee anakaa, anaamkiwa na kila anayepita, akichoka kutembea baraza la jirani pia ni lake. Saa hii zinaota flati za ghorofa nne tano, hazina lifti, chini ni maduka, na mzee anapewa chumba cha juu kwa sababu kodi yake ni nafuu. Akishapanda ndo basi, anashuka kwa ugonjwa au kwa maiti. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wenye flati wengine ni jamaa zetu na hapa chamani wapo. Jamani mkijenga, chumba cha chini mpeni mzee na nje muacheni hata benchi moja la saruji, gharama yake ni ndogo kuliko geti.

Mabenchi tumeanza. Mafundi wetu wametengeneza ya saruji, tumeyaweka penye kivuli cha mkungu na mwarobaini, na yanajaa, mchana wazee jioni vijana, hakuna ubaya. Sehemu nyengine mwenye duka alikataa na hatukugombana. Bustani ya Mama Ngina pale ufukweni tangu ipangwe upya mwaka 2019 viti vipo na upepo upo, ila mzee wa Kisauni hatapanda gari mbili ili akakae, kiti kinatakiwa mtaani kwake. Upande wa makanga tuliongea na wa njia moja, wakawa wanangoja mpaka mzee akae ndipo waondoke, kisha wakabadilishwa na waliokuja tumeanza nao upya. Tuktuk ndo imewafaa wengi, sakafu iko chini, lakini nauli ya kukodi ni habari nyengine.

Kuhusu feri, wenzetu wa Likoni wametufundisha kitu ambacho ofisini hutakisikia. Mvuvi wetu mstaafu hupanga safari zake kwa maji. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakipwa sana ule mteremko wa kuingilia ferini unakuwa mrefu na mkali, na umati nyuma unasukuma, kwa hivyo yeye huvuka maji yakiwa yamejaa. Ni akili nzuri, ila si kila mtu alikuwa mvuvi. Tunaomba wazee na wenye magongo watangulizwe kabla ya umati kufunguliwa, na pawe na chuma cha kushika mpaka chini.

Haki zetu pia mzijue. Katiba ya 2010 kifungu cha 57 inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia na serikali, na kwa katiba mzee ni aliyepita miaka 60. Lakini Inua Jamii, ile Sh2,000 ambayo serikali huwapa wazee kila mwezi, inaanzia miaka 70. Hiyo miaka kumi katikati ndo mizito zaidi, kibarua hupati na pesa hupati, na msimamo wangu ni kwamba chama kiliseme hili waziwazi. Wengine wenu mashine zimekataa kusoma vidole, vidole vilivyofua na kupara samaki miaka yote vimeisha mistari. Vijana wetu waliwasindikiza na wengine wakasaidika, ambaye bado asikae kimya, aje kwa katibu.

Mwaka ujao nataka tuingie kwenye bajeti. Kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, makadirio kabla ya 30 Aprili, na bajeti ianze kutumika 1 Julai. Tukienda mwezi wa sita kulia mitaro tunakuwa tushachelewa. Kwa hivyo kabla ya mwezi wa nane kila mtaa uniletee orodha: mtaro upi hauna kifuniko, steji ipi haina kivuli, wapi panahitajika choo na nani ataweka ufunguo. Picha mtapiga vijana, maneno yatoke kwa wazee. Na siku ya maoni ya wananchi tukodi matatu twende nao wenyewe, si mimi niwasemee.

Uchaguzi wa viongozi ni siku hiyo hiyo ya mkutano mkuu. Ukumbi tumeuchagua wa chini, hauna ngazi na choo kipo, asiye na wa kumleta atume neno kwa katibu mapema tumpitie na tuktuk.