Barua ya wazi kwa makocha vijana wa kikapu: kadi, soksi na misimu 16

Wanangu makocha,

Naona msimu wenu wa pili haujaisha, baadhi yenu mmeshaanza kuulizia timu nyingine. Kabla hamjafunga mizigo, kaeni kidogo na kazi ya John Wooden, aliyekuwa kocha wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Vikombe vyake 10 vya vyuo vya Marekani kila mtu anavijua. Mimi nataka muitazame miaka iliyotangulia.

Alifika UCLA mwaka 1948. Kombe la kwanza alilipata 1964, msimu wake wa 16. Miaka yote hiyo alifundishia katika ukumbi wa zamani wenye hewa nzito, huku wanamieleka na wanajimnastiki wakifanya yao pembeni, na sakafu akaipiga deki mwenyewe pamoja na wasaidizi. Ukumbi mpya wa Pauley ulifunguliwa 1965, tayari vikombe viwili viko kabatini. Mkilalamikia uwanja wa simenti mna haki, lakini simenti haimzuii mtu kupanga mazoezi.

Mipango yake ilikaa kwenye kadi ya inchi 3 kwa 5, mfukoni. Asubuhi aliketi na wasaidizi wake, na kupanga kukachukua muda karibu sawa na mazoezi yenyewe, yaliyoanza saa tisa na nusu alasiri na kuisha saa kumi na moja na nusu. Kila zoezi lilikuwa na dakika zake: tano, kumi, kumi na tano. Dakika zikiisha, wanahama, hata kama bado hawajaliweza, kesho watalirudia. Ukirefusha zoezi moja unaiba muda wa linalofuata, na miguu iliyochoka hujifunza makosa. Kadi hazikutupwa: aliweza kufungua kumbukumbu akaona siku kama ile mwaka uliopita walifanya nini. Daftari la shilingi chache linatosha. Andikeni tarehe, zoezi, dakika, na neno moja la kilichoharibika.

Kinachoharibika mara nyingi ni foleni. Wachezaji 12, goli moja, kila mtupo sekunde 10: mtu anapata zamu moja kila dakika mbili, yaani mitupo mitano kwa dakika kumi. Wagaweni vikundi vinne vya watatu. Kimoja kirushe, vitatu vifanye pasi, dribo na kugeuka kwa mguu mmoja, kisha wabadilishane. Mipira minne inatosha.

Sasa mdomo. Msimu wa 1974–75, wake wa mwisho, wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni katika mazoezi 15 wakihesabu kila alilotamka au kulionyesha la kufundisha. Walipata 2,326. Nusu yalikuwa maelekezo matupu: fanya nini, vipi. Sifa hazikufika asilimia 7, na karipio tupu pia halikufika hapo. Akimkosoa mchezaji alimwonyesha namna sahihi, akaigiza kosa alilofanya, akarudia iliyo sahihi. Sekunde chache tu, mchezo unaendelea. Kocha anayesimamisha mazoezi dakika nne kuhutubia anapoza misuli ya watu 11 kwa kosa la mmoja. (Na filimbi mnazipuliza mno, jamani.)

Soksi zinachekesha wengi. Siku ya kwanza kila mwaka aliwafundisha vijana, hata nyota, kuvaa soksi: ivute, ipapase kidoleni na kisiginoni mikunjo iishe, ishikilie juu huku unafunga kamba, funga fundo mara mbili. Mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge ni mchezaji nje ya uwanja. Alikagua pia viatu, kwa sababu mguu unaoteleza ndani ya kiatu kikubwa huchubuka. Viatu vya kurithiana tunavijua.

Timu ya 1964 ilishinda mechi zote 30, na kati ya watano walioanza hakuna aliyezidi futi 6 na inchi 5. Silaha yao ilikuwa presha ya 2-2-1 uwanja mzima, yaani kuwabana wapinzani tangu upande wao kwa wawili mbele, wawili kati na mmoja nyuma, ambayo msaidizi wake, Jerry Norman, alimsihi aitumie. Wawili wa mbele hawapokonyi. Wanamsukuma mwenye mpira kuelekea mstari wa pembeni na kumnyima katikati. Wawili wa kati wanavizia pasi ndefu. Wa mwisho analinda goli. Inavunjika pale wa mbele wanapouparamia mpira: wakishapitwa, nyuma wamebaki watatu dhidi ya watano. Wengi wenu mnaitumia dakika tatu za mwisho tu, mkiwa nyuma kwa pointi. Kazi yake hasa ni kuharakisha mchezo tangu mwanzo hadi wapinzani wachoke kufikiri. Katika fainali, chuo cha Duke walifungwa pointi 16 mfululizo kabla ya mapumziko, wakalala 98–83.

Lipo na doa, nisilifiche. Tajiri mmoja mshabiki alizoea kuwapa wachezaji wa UCLA fadhila zilizokatazwa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliadhibu chuo mwaka 1981, miaka sita baada ya Wooden kustaafu, na swali la alichojua halijamwacha mpaka leo. Kwetu matajiri wa hivyo wapo, na huja na viatu. Waulizeni vijana wenu nani kawanunulia. Ulizeni sasa, msimu haujaisha.

Mzee wenu